Reli juu ya daraja: kokoto au bamba la zege?

Ukipanda kutoka Nakuru kwenda Kisumu kwa reli ya zamani, iliyofika ziwani mwaka 1901, unavuka madaraja mengi kabla ya kuteremka Muhoroni. Swali la fundi pale ni moja: reli ilale juu ya nini?

Kokoto husamehe. Treni ikipita, daraja hupinda katikati na ncha zake huinuka kidogo. Mawe husogea, yakaumeza mwendo huo. Njia ikilegea, vibarua hushindilia upya mawe chini ya mataruma, yaani vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli. Ubaya wake ni uzito, na kazi hiyo haiishi.

Bamba la zege, ambalo reli hufungwa juu yake moja kwa moja bila kokoto, halisamehe kitu. Ncha ya daraja ikijizungusha, vifungo vya reli vilivyo karibu na ungio la mwisho wa daraja hutaka kung'oka upande mmoja na kugandamizwa upande wa pili. Joto nalo lina lake: daraja la chuma la mita 30 hurefuka karibu milimita 7 joto likipanda nyuzi 20, ilhali reli iliyounganishwa kwa kuchomelewa haitaki kufuata. Kwa hiyo bamba hukatwa vipande vifupi, likawekewa mpira chini, na vifungo vya pale huachwa vilegee kiasi reli iteleze.

Japani wamelitumia bamba sana kwenye Shinkansen, reli yao ya treni za kasi, na linadumu. Lakini kwa treni chache za mizigo za kwetu, ningechagua kokoto, mradi vibarua walipwe kwa wakati.