Uwanja wa Ndege wa Mtwara: nimepita mara nne na mama mgonjwa

Mama yangu anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na sisi tunakaa Mikindani, karibu na Mtwara mjini. Haya ninayoandika kuhusu Uwanja wa Ndege wa Mtwara ni ya mtu anayesafiri na mgonjwa.

Kwa basi, kutoka stendi ya Mkanaledi hadi Dar ni kilomita zaidi ya 500. Hata mzima hufika miguu imevimba. Mara ya kwanza tulikwenda hivyo. Nilimkunjia mama kanga mbili za kukalia, lakini kila tuta lilimpata mgongoni. Tulipofika Nangurukuru akaniambia, "Mwanangu, niteremshe nilale chini kidogo." Sikuweza kumrudisha tena kwenye basi safari iliyofuata. Kwa ndege ni kama saa moja tu.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo ya Dar pale Somanga, magari yakakwama huku na huku. Mama alikuwa na tarehe ya mionzi wiki hiyohiyo. Tuliruka juu ya maji yale na tarehe yake haikupita. Njia ya kurukia ilikuwa imesharefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800, na upana kutoka mita 30 hadi 45. Zamani niliposikia takwimu hizo redioni niliona ni habari za wakubwa. Siku ile niliona ni habari za mama yangu.

Uwanjani wenyewe kuna kijana mmoja sitamsahau. Alituona tunashuka kwenye bajaji, akaja na kiti cha magurudumu kabla sijauliza. "Shikamoo bibi. Egemea hapa, usiogope." Kisha akainama, akakusanya pindo la kanga ya mama akalichomeka pembeni ili lisikamatwe na gurudumu. Kwa hilo peke yake natoa nyota tano.

Lililoniumiza ni la shirika la ndege tulilosafiri nalo mara ya tatu. Ujumbe wa kuahirisha safari hadi kesho yake uliingia kwenye simu tukiwa tumeshafika na mizigo, na aliyekuwa kaunta hakuwa na la kutuambia zaidi ya "poleni". Nikalipa gari tena kurudi Mikindani. Na nauli! Anayekata tiketi mwezi mmoja kabla anapata nafuu, anayekata leo kwa kesho anaumia. Sasa ugonjwa unakata tiketi lini? Wenye barua ya rufaa ya hospitali wawekewe bei yao, hata viti viwili kwa kila ndege. Msimu wa korosho ndiyo usiseme, viti vyote vinakuwa vya wanunuzi.

Tena Mtwara peke yake haitoshi. Mama mmoja tuliyekaa naye alitoka Lindi mjini usiku, zaidi ya kilomita 100, kuja kupandia hapa na mtoto mgongoni, na kwao Lindi, pale Kikwetu, kuna kiwanja cha ndege. Viwanja hivi vikipimwa kwa faida ya tiketi tu, mtu kama yule ataendelea kutoka kwake usiku.

Ukisafiri na mgonjwa, piga simu siku moja kabla uulizie kiti cha magurudumu, na beba barua ya daktari mkononi, usiiweke kwenye begi la kupakia. Sisi tarehe yetu ni mwezi ujao. Nimeshakata ya asubuhi, na mama ameniuliza kama yule kijana atakuwepo.