Wiki 11 Chennai na Mama: chumba chenye jiko karibu na Greams Road

Nawaandikia mnaompeleka mgonjwa India na mmeambiwa "mtakaa kidogo tu". Sisi tuliambiwa wiki tano, tukakaa 11, Juni hadi Agosti 2023, Mama akibadilishwa magoti yote mawili, moja baada ya jingine. Hospitali naiacha. Nazungumzia tulipolala: jengo la ghorofa nne linalopangisha vyumba kwa wagonjwa na ndugu zao, dakika saba kwa miguu kutoka Greams Road, mtaa ambao ukikosa gesti basi unaona duka la dawa au kibanda cha kubadilishia fedha. Jina silitaji. Naipa nyota tatu na nusu, na hizo tatu ni za jiko.

Jiko lenyewe ni la umeme, aina ya induksheni, la sahani moja. Nilikuwa nimebeba sufuria mbili za alumini kutoka Kariakoo, nikijiona mjanja. Nikateleka maji ya chai, jiko likalia mara tatu likajizima. Nikajua bovu. Kijana wa mapokezi akapanda na kijisumaku cha kubandika kwenye friji, akakigusisha kwenye sufuria yangu, kikaanguka. Akakigusisha kwenye kikaango cha jirani, kikanata. Hakusema neno, akatikisa kichwa huku na huku akashuka. Kama sumaku haishiki, jiko lile halipashi, basi. Jioni hiyo nikanunua presha kuka ya chuma, na yule jirani mwenye kikaango, mama wa Kibangladeshi aliyemleta mumewe, akanifundisha kupika kwa kuhesabu filimbi inazopiga mvuke ukitoka: wali mbili, dengu nne. Maharage, akasema, usihesabu, kaa hapo hapo.

Wiki ya pili Mama akagoma wali. Nikaingia dukani, nikaona pakiti ya unga mweupe pe yenye picha ya gunzi la mahindi, nikabeba mbili. Kumbe ule ni wanga wa kukolezea supu. Nilichokisonga siku ile kingefaa kubandikia mabango ya uchaguzi. Watanzania niliokutana nao foleni ya maabara wakanicheka, kisha wakanielekeza kwenye rava, yaani ngano iliyosagwa chengachenga. Ugali wake unashika vizuri, ladha unaisamehe. Lakini kilichomrudisha Mama mezani ni ragi, ambayo ni ulezi wetu huu huu. Watamil, wenyeji wa kule, wanausonga, wanaupikia uji, na mchana wa jua kali utakuta wauzaji barabarani wanakuchotea ukiwa umechachuka kidogo, na vitunguu pembeni. Mama akawa anakunywa uji wa ulezi kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati nyumbani Morogoro ni saa kumi alfajiri na hakuna hata jogoo. Kwenye mchuzi wao mna ukwaju na matunda ya mlonge, vitu anavyovijua tangu utoto. Wiki ya nne alikuwa anawasahihisha.

Sasa malalamiko. Kodi ilikuwa rupia 1,200 kwa siku ukilipa kwa mwezi, na wakati ule rupia moja ilikuwa kama shilingi 30. Hakuna aliyetuambia kwamba umeme ni pembeni. Kila chumba kina mita yake nje ya mlango, na mwezi wa kwanza tulisomewa uniti 290 kwa rupia 12 kila moja: 3,480. Siwezi kusema waliiba, maana Juni ya Chennai hulali bila AC. Ila namba ya kuanzia sikuiona mimi, niliambiwa tu. Kuanzia hapo nikawa napiga mita picha kila Jumapili, na bili ya pili hatukubishana. Maji ya bomba yana chumvi. Ya kunywa ni dumu la lita 20, wakati ule rupia 40, linaletwa hadi mlangoni.

La lifti sijalisamehe. Sisi tulikuwa ghorofa ya tatu. Siku Mama anatoka wodini na goti la kwanza, umeme wa mtaa ulikatika. Jenereta ikawaka, taa zikawaka, feni zikazunguka, lifti ikabaki imekufa. Kumbe haijaunganishwa na jenereta, na wao wanajua, na wanapangisha watu waliotoka kufanyiwa upasuaji. Tulimpandisha kwenye kiti cha plastiki, mimi na dereva wa bajaji aliyetuleta, ngazi 54, Mama kafumba macho anasali Baba Yetu. Meneja alituangalia toka kaunta. Yule dereva alikataa hela ya ziada. Madereva pale huitwa "anna", yaani kaka mkubwa, na huyo nilimwita hivyo kwa moyo wote.

Na karatasi. Mwenye nyumba ya wageni India anatakiwa aandikishe mgeni wa nje kwa uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wakati ule, 2023, iliitwa Fomu C. Viza zetu zilikuwa za mtandaoni, za siku 60. Mwishoni mwa Julai tunaomba kuongezewa, ikagundulika Mama ameandikishwa, mimi sipo. Walirekebisha, lakini baada ya siku mbili za kuambiwa "kesho". Omba nakala ya hiyo fomu siku ileile unayokabidhiwa ufunguo, na jina lako ulisome mwenyewe.

Kwenye malipo, hata muuza nyanya ana karatasi ya kuskani, kama lipa namba yetu, ila wakati ule ilitutaka tuwe na akaunti ya benki ya kule, kwa hiyo tembea na noti ndogo. Sisi shemeji alitupa noti za 2,000 alizobaki nazo safari yake. Benki kuu yao ilikuwa imetangaza Mei kwamba zinaondolewa, kila duka likazikwepa, nikapanga foleni benki kuzibadilisha. Bei kubwa wanazitaja kwa laki kama sisi, ila mkato wanauweka kwingine: makadirio ya Mama yaliandikwa 4,50,000, nami nikayasoma mara tatu kabla sijajua kuwa ni laki nne na nusu.

Mwakani Mama anatakiwa kurudi kuangaliwa. Nimeshawaandikia wale wale, chumba cha chini, kwa sababu ya jiko. Presha kuka niliiacha mapokezi kwa Mtanzania yeyote atakayefuata. Mpira wa kifuniko umelegea, nunua mwingine kabla hujaiwasha.