Isimila au Daraja la Mungu?

Mwenye siku moja tu ya kusoma miamba aanze na Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, upande wa barabara ya Mbeya. Nguzo ndefu zilizosimama korongoni pale ni mashapo ya kale (mchanga na udongo uliotuama tabaka juu ya tabaka) yaliyochongwa na maji ya mvua: tabaka laini lilikatika, palipokuwa na tabaka gumu juu, kama kofia, pakabaki pamesimama. Kwa hiyo usizipande wala kuziegemea, zinamomonyoka. Shoka la mawe la watu wa kale ukiliona chini, liache hapohapo. Likihamishwa, hakuna atakayejua tena lilitoka tabaka lipi, na hiyo ni hasara isiyorudishika. Nenda Juni hadi Oktoba, asubuhi, kwani korongoni kivuli ni haba. Wingu likikusanyika, toka: mchanga unaoukanyaga ndio njia ya maji.

Daraja la Mungu, Rungwe, ni lava (mwamba ulioyeyuka wa volkano) iliyoganda na kuacha Mto Kiwira upite chini yake. Kulitazama hakuchukui muda mrefu. Ila Tukuyu, mji wa wilaya hiyo ya Rungwe, hunyesha hata kiangazi, basi vaa viatu vyenye meno na usikanyage jiwe lenye ukoga wa kijani ukingoni. Septemba na Oktoba maji hupungua, upinde ukaonekana vizuri.