Gadi au kuchomoa plagi?

Kanda ya Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba hadi kule Kisii, radi ni jirani. Kila masika swali ni lile lile: uiamini gadi, kile kifaa kinachokaa kati ya plagi na friji au runinga kuikinga na umeme unaoyumba, au uchomoe plagi?

Gadi inafaa sana kwa kero ya kila siku: umeme unaposhuka mpaka taa zinafifia, au unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Inakata, inasubiri dakika chache umeme utulie, ndipo inawasha friji, hata kama umelala au uko shambani. Lakini radi ya karibu hubeba maelfu ya ampea. Swichi ya ndani ya gadi ina pengo dogo mno, cheche inaliruka.

Kuchomoa hakugharimu hata senti. Ila watu husahau waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, na radi hupitia humo humo. Tena ngurumo ikishafika juu ya bati umechelewa; usiguse plagi wala waya.

Mimi friji naiachia gadi. Runinga naichomoa mapema, plagi na waya wa dishi, wingu likianza tu kuwa jeusi upande wa ziwa.