Karatasi ya sheha: inamlinda vipi mnunuzi wa kiwanja Unguja na Pemba, na inamwacha wapi

Anayenunua kiwanja Zanzibar leo, iwe Tunguu, Bububu, Chake Chake au Wete, mara nyingi huishia na karatasi moja mkononi: hati ya mauziano yenye majina ya muuzaji na mnunuzi, bei, ukubwa wa eneo, mashahidi wa pande mbili, saini, na muhuri wa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, eneo dogo la utawala la mtaa au kijiji. Huduma hii ni nyepesi. Watu wakifika na vitambulisho na mashahidi wao, kazi inaweza kwisha asubuhi hiyo hiyo. Lakini wengi huwekeza akiba ya maisha yao yote juu ya karatasi hii, kwa hiyo ni haki ipimwe kwa makini.

Tuanze na inachokifanya vizuri. Sheha anawajua watu wa shehia yake, na muhuri wake unathibitisha kwamba siku fulani, mtu fulani alikiri mbele ya mashahidi kuwa ameuza na amepokea fedha. Mkifikishana Mahkama ya Ardhi, ushahidi huo una uzito, na muuzaji hawezi kirahisi kugeuka akasema fedha ile ilikuwa mkopo. Kwa upande huo huduma ni nzuri sana.

Isichokithibitisha ni kwamba kilichouzwa kilikuwa cha muuzaji. Sheha si mrajis wa ardhi, yaani ofisa anayetunza daftari la haki za ardhi. Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi namba 12 ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, imewekwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Anachouza mtu ni haki ya kuitumia pamoja na vilivyo juu yake. Kwa hiyo swali la mwanzo kumuuliza muuzaji, kabla hata ya bei, ni hili: haki hiyo uliipataje? Alipewa na serikali, alirithi, alinunua, au alipewa zawadi? Kila jibu lina karatasi yake, na kila karatasi ina mtego wake.

Mirathi ndiyo inayowaliza watu wengi zaidi. Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mke ana thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8. Zinazobaki 7 wanagawana watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kila mwana wa kiume sehemu 2, kila binti sehemu 1. Sasa kaka mkubwa anasimama shambani na kusema "hili shamba letu, mimi ndiye mkubwa", anauza lote, na sheha anapiga muhuri. Kisheria kaka huyu ameuza sehemu 2 zake na sehemu 6 za watu. Dada aliyeolewa Micheweni au anayeishi Dar es Salaam akirudi miaka kumi baadaye kudai sehemu yake, karatasi yako haimzuii. Dai mgawanyo rasmi wa mirathi uliopitia Mahkama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha warithi wote watie saini kwenye mauziano, mjane na mabinti wakiwamo. Aliye mbali awe na wakala mwenye barua. Muuzaji akikwambia dada zake wameshasamehe, mwombe hao dada waje waseme wenyewe. Na ukisikia neno wakfu limetajwa popote kwenye historia ya shamba, simamisha kila kitu mpaka Kamisheni hiyo ijibu, kwa sababu mali ya wakfu, iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, si ya kuuzwa na mrithi yeyote.

Eka tatu nazo zina habari yake. Mashamba haya yaligawiwa wananchi na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na yalitolewa yalimwe, si yakatwe viwanja. Eka moja ni takriban mita za mraba 4,047, kwa hiyo eka tatu zinavutia sana: madalali hutoa humo viwanja vya mita 20 kwa 20 zaidi ya ishirini, hata baada ya kuacha njia. Ukionyeshwa hati ya eka tatu, usiridhike na jina lililo juu yake. Uliza Kamisheni ya Ardhi kama matumizi yamebadilishwa na kama kuna mpango wa mji uliopitishwa. Pasipo na mpango, barabara unayoonyeshwa na dalali ni maneno tu, na jirani wa mbele akijenga ukuta huna pa kupitisha gari la mchanga.

Kuna jambo la miti ambalo wageni wa visiwa hivi hawalitarajii. Hapa ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mikarafuu au minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwengine. Hati isemayo "kiwanja pamoja na vilivyomo" haitoshi. Iandike miti kwa aina na idadi: mikarafuu 6, minazi 4, mwembe 1, na iseme wazi kwamba nayo imeuzwa, na nani alikuwa mwenyewe. Pemba jambo hili ni zito kuliko Unguja, maana mkarafuu unaozaa ni chumo la familia, na mwenye mti atakuja kuchuma msimu ukifika, uwe umeshajenga au hujajenga.

Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya mawe, hatari ni ya namna nyengine. Huko kuna uwanda wa kijiji: mahali pa kukata kuni, kuchunga, kulima kwa zamu na kupumzisha ardhi. Mgeni huuona mtupu, wenyewe wanajua nani analima wapi na mwaka gani. Baadhi ya maeneo hayo yamo ndani ya makubaliano ya misitu ya jamii. Kipande cha uwanda hakiwi cha mtu mmoja kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuonyesha, na muhuri wa sheha haukifanyi kuwa chake. Waulize wazee, na muulize pia ofisa wa misitu.

Vipimo sasa. Karatasi nyingi zinasema "20 kwa 20" na hakuna aliyevuta tepu siku hiyo, watu wamehesabu hatua. Kiwanja kilicho 19 kwa 19 ni mita za mraba 361 badala ya 400, umeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya fedha yako. Vuta tepu pande zote nne, kisha pima ulalo, kona hadi kona. Kwa 20 kwa 20 kila ulalo, wa kwanza na wa pili, uwe mita 28.28. Kwa 15 kwa 20 uwe 25 kamili. Pande zote zikiwa mita 20 lakini ulalo mmoja ni 24 na mwengine 32, kiwanja kimelala upande, na eneo lake ni 384 tu. Fanya hivi majirani wakiwepo. Wala usimuulize jirani "mpaka ni hapa?", kwani ataitikia kwa adabu tu. Muulize: "Shikamoo mzee wangu, eneo lenu linaishia wapi?" Mwache atembee akuonyeshe mwenyewe. Kama wewe na muuzaji mmesimama kwenye mnazi na yeye akasimama mita tatu ndani yenu, mgogoro umeuona kabla ya kuulipia.

Usitegemee simu kwa mipaka. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha mita 20 hizo ni nyingi mno. Tena ukichukua viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, kutoka ramani ya zamani ya upimaji iliyotumia mfumo wa Arc 1960 ukaviingiza kwenye simu inayotumia mfumo mwengine, WGS 84, utasimama karibu mita 300 kutoka mahali penyewe, kwenye shamba la watu. Mpimaji aliyesajiliwa, na bikoni (alama za mipaka) za zege zilizofukiwa imara kila kona, ni gharama isiyokwepeka.

Chombo cha bure ambacho wanunuzi wachache wanakitumia ni picha za droni za Zanzibar. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walipiga picha visiwa hivi kwa undani wa sentimita 7 hivi, na zimewekwa wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap. Mnazi mmoja mmoja unaonekana. Muuzaji akisema familia yake imeishi hapo tangu zamani, tazama kama nyumba na njia zilikuwepo siku ya picha. Haitakwambia mwenyewe ni nani, lakini uongo wa aina fulani huufichua papo hapo. Inafaa pia kwa mabonde: eneo lililoonekana limegawanywa kwa matuta ya mpunga litatuama maji masika.

Baada ya sheha bado kuna safari. Mauziano ya ardhi yanahitaji kibali cha Bodi ya Uhaulishaji (uhamishaji wa haki) Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria namba 8 ya 1994, kisha uhamisho uingizwe kwenye daftari la Mrajis. Wengi huishia kwa sheha wakiona wamemaliza. Ni hapo pia viwanja huuzwa mara mbili, kwa kuwa karatasi za sheha hazina daftari moja la kutafutia. Njia ya kujikinga ni malipo ya awamu yaliyoandikwa ndani ya hati: sehemu siku ya mauziano, sehemu baada ya upimaji, na kiasi cha maana kibaki mpaka kibali cha Bodi kitoke. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo, kisha atakubali.

Kwa asiye Mzanzibari karatasi hii haimfai kabisa. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo hata Mtanzania wa Bara hapati haki hii kwa kitambulisho cha taifa peke yake, na kumwandikisha rafiki jina ni kumpa rafiki kiwanja. Mgeni atafute ukodishaji kupitia serikali na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, au nyumba iliyo chini ya Sheria ya Kondominium ya 2010, inayohusu majengo ambayo kila sehemu ina mwenyewe.