Bhalo au Zein: ubishi wa barazani

Kila nikikaa barazani Lamu baada ya magharibi, ubishi ni ule ule: kati ya waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin, nani mwenye sauti?

Bhalo alipenda mahadhi ya filamu za Kihindi. Sauti yake ilipanda juu na kutetemeka huko huko juu, kinanda na tabla zikimfuata nyuma. Akivuta silabi ya mwisho ya mshororo, nawe unajikuta umeshika pumzi. Ni sauti ya harusi hiyo. Hata kipaza sauti kibovu hakiishindi, na vya kwetu mnavijua.

Zein, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, hakuwa na haraka. Aliimba kwa utulivu, udi wake, ile ala ya nyuzi, ukimjibu kila kituo, mahadhi yakielekea Uarabuni. Mwanzoni nilimwona baridi. Siku moja mzee mmoja, fundi wa majahazi, alizima redio katikati ya wimbo, akaniambia, "Haya mwanangu, nisomee ubeti huo." Nikausoma wote, sikuacha neno. Kwa Bhalo, mara nyingine neno humezwa na mahadhi, hungoja lirudiwe ndipo nilipate.

Pumzi wote wanazo. Tofauti kwangu ni matamshi, maana taarabu ni ushairi kwanza. Harusini nitaomba Bhalo, tena bila kusita. Lakini usiku, umeme umekatika na simu imebaki na chaji asilimia 9, namweka Zein.