TAHADHARI: Dada anayeuza lipstiki za nyudi (rangi ya mdomo wenyewe), eti "OG" yaani halisi, mtandaoni ni tapeli, msimtumie hela

Wapendwa, naandika hii nikiwa na hasira, na midomo bado inawasha. Kuna dada anauza vipodozi mtandaoni. Ukurasa wake umejaa picha za midomo ya wanawake weusi iliyopakwa rangi za kahawia za kupendeza, na juu ameandika "OG tupu, Kariakoo, mikoani tunatuma". Jina lake siliweki kwa sababu nimeshafungua jalada na mpelelezi ameniomba nisimtaje mpaka wamalize. Ila nitaeleza alivyonifanyia hatua kwa hatua, na ukikutana naye utamjua tu.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa natafuta lipstiki. Tangu mama mmoja wa utumishi kazini kwetu aniseme kikaoni kwa lipstiki yangu nyekundu, niliiweka pembeni. Nilitaka rangi ya kila siku, ya kukaa nayo kaunta toka asubuhi, mtu akinitazama aone midomo imetulia, asione lipstiki. Na wenye rangi yangu mnaijua shida yake. Madukani ukisema nyudi wanakutolea ile ya maziwa iliyotengenezwa kwa ajili ya Wazungu, ukiipaka unakuwa kama umetoka kulamba unga. Nimezinunua hizo mpaka droo imejaa.

Basi nikamfuata inboksi, nikamwandikia nataka lipstiki ya kampuni ya MAC, rangi inayoitwa Velvet Teddy, maana ndiyo kila mtu anaitaja. Muuzaji mwingine angejibu "ipo mpenzi, tuma hela". Yeye akanirushia ujumbe wa sauti, sauti ya upole kabisa: "Subiri kwanza dada yangu, usinunue jina. Nitumie picha ya uso ukiwa umesimama dirishani, hujapaka kitu, na filta usiweke." Nikatuma. Akaomba nyingine nimevuta mdomo wa chini aone rangi ya ndani. Nikatuma.

Akaniambia mdomo wangu wa juu ni mweusi kuliko wa chini, na kweli ndivyo ulivyo tangu nazaliwa. Akasema rangi ya kila siku haitafutwi kwenye shavu, inatafutwa kwenye mdomo wenyewe: unachukua rangi ya mdomo wako ilivyo, unaizidisha kidogo tu kwa ukahawia au wekundu, basi. Velvet Teddy ikikaa peke yake kwa weusi wangu itapauka, akasema, bora nichukue Taupe, ambayo ni kahawia yenye wekundu wa udongo kwa mbali, na penseli ya Chestnut nipake pembezoni. Penseli niisugue kwa kidole iingie ndani kabla ya lipstiki, ili mstari usionekane. Lipstiki yenyewe nisiipitishe moja kwa moja mdomoni, niichote kwa kidole nigongegonge, halafu nibane tishu. Na siku nikitaka wepesi zaidi nipake penseli peke yake na mafuta ya mgando juu.

Niambieni, mtu anayejua kazi hivyo utamshuku kwa lipi? Na yote aliyosema ni kweli! Nimemsomea mpambaji mmoja aliyempamba wifi yangu, akasema hakuna neno la uongo pale. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela. Huyu dada kazi anaijua. Angeweza kuuza mali halali akala vizuri, akaamua kuutumia ujuzi wake kama chambo.

Na sikuishia kwenye maneno. Nilimpigia simu ya video. Akapokea akiwa mbele ya rafu imejaa vipodozi, nyuma kuna feni na kalenda ukutani, duka kabisa. Akachukua kiboksi cheusi, akakifungua mbele yangu, akatoa lipstiki, akaipindua anionyeshe kistika cha chini chenye jina la rangi. Akasogea kwenye mwanga, akachora mistari miwili mkononi, mmoja mzito, mwingine akausambaza kwa kidole. Rangi ikatoka ile ile niliyoiwaza. Mkono wake ni mweusi kama wangu, kwa hiyo niliona kabisa itakavyonikaa. Akainusa mbele ya kamera, akasema, "Hii ina harufu ya vanila, feki haina, ukiletewa uinuse kwanza." Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha namna ya kutambua feki! Kwa kinywa chake!

Bei akasema lipstiki 48,000 na penseli 27,000, jumla 75,000, boda nimlipe mwenyewe mzigo ukifika. Wapo walioniambia eti bei ilikuwa ndogo ningestuka. Ningestukia nini, wakati aliniambia mzigo umekuja na dada yake anayefanya kazi za ndege, hajalipia duka wala nini? Kila mtu mjini ananunua vitu vya "dada yangu anasafiri". Nusu ya manukato ya ofisini kwetu yamekuja hivyo hivyo.

Akanitumia namba. Nilipoweka kiasi, likatokea jina la mwanaume. Nikamuuliza. Akajibu papo hapo, bila kubabaika, kwamba ni laini ya mume wake, yake imefika kikomo cha siku kwa sababu ya oda nyingi. Akaongeza na kiemoji cha mikono iliyokunjwa. Nikaweka namba ya siri. Hela ikaenda.

Boda alifika getini Posta mchana, jua kali, akanipa bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu mpaka ikawa ngumu. Nikampa hela yake, akaondoka. Nikapanda juu, nikaomba mkasi mapokezi, nikaikata. Ndani kuna kiboksi cheusi. Nikafurahi. Kwa macho ya haraka ni kile kile. Nikakipeleka chooni kwenye kioo.

Kwanza kifuniko. Nilikivuta kikatoka bila kubana, kwenye video kilibana hadi kikatoa mlio. Nikainusa kama alivyonifundisha. Hakuna vanila. Kuna harufu ya plastiki mpya iliyochanganyika na manukato ya bei rahisi. Nikaigeuza, kistika kimekaa upande upande, kimeandikwa Taupe. Nikaipandisha: waridi. Waridi ya zambarau, ile ya kung'aa, ya wasichana wa mahafali ya darasa la saba. Hata kahawia haimo! Nikajipa moyo kwamba labda kwenye mdomo hubadilika, nikagonga kwa kidole, nikasugua. Ikakaa kwa mabonge. Nikabana tishu, tishu ikatoka na rangi nusu, mdomoni ikabaki kwenye mikunjo tu. Penseli yenyewe haikuandika, ilikwaruza. Ncha ngumu kama msumari, ikanitoa alama juu ya mdomo.

Kabla sijatoka chooni midomo ikaanza kuchoma. Nikaosha kwa sabuni ya mikono, nikafuta na mafuta. Jioni ikavimba kwenye kona, kesho yake ikawa inabambuka. Nilikaa kaunta na barakoa mbele ya wateja, mimi niliyekuwa natafuta midomo ya kutulia. Yule mama wa utumishi akapita, akaniangalia, hakusema kitu.

Nikampigia. Haikupokelewa. Nikaandika kwa heshima: "Dada habari, nadhani umekosea mzigo." Tiki mbili. Nikatuma picha ya lipstiki na ya mdomo. Tiki zikawa za bluu. Akaanza kuandika, nikaona kabisa anaandika, akaacha. Halafu picha yake ya wasifu ikapotea. Kanibloku. Nikatumia simu ya mdogo wangu kuingia kwenye ukurasa wake, nikaweka komenti, ikafutwa hata maji sijamaliza kunywa, na mdogo wangu naye akablokiwa. Boda nilimpata kwa namba iliyokuwa kwenye simu, akasema, "Dada, mimi nimepewa tu mzigo na kijana barabarani pale Msimbazi, hilo duka silijui." Nilienda Kariakoo mwenyewe Jumamosi, nikazunguka na ile picha ya rafu niliyoipiga skrinshoti, nikauliza maduka ya vipodozi moja baada ya jingine. Mama mmoja akaitazama akasema hiyo kalenda anaifahamu, ni ya duka la jamaa mmoja jirani yake, na kuna msichana alikuwa anakuja hapo kuomba "kupiga picha za biashara". Kwa hiyo hata duka halikuwa lake. Alisimama kwenye duka la watu, akafungua bidhaa ya watu, akajichora mkononi, akanitumia mimi takataka.

Huyu mtu anatakiwa afungwe. Sisemi arudishe hela, hela nimeshaisamehe, nataka afungwe. Sheria ipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, haikutungwa kupamba makabati. Na bidhaa bandia zina sheria yake tangu 1963, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika nazo. Nimeona wakiteketeza shehena za feki za waagizaji wakubwa, vizuri, sasa washuke na huku mitandaoni, ambako mtu hana leseni, hana risiti, hana hata meza. Na TBS, Shirika la Viwango, ambao tangu 2019 vipodozi viko chini yao baada ya kutoka ile iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wajue kwamba kuna watu wanauza sumu ya kuweka mdomoni. Mdomoni! Lipstiki unailamba, unaila na chai, unambusu nayo mtoto. Nimesoma kwamba Aprili 2018 polisi wa Los Angeles walivamia maduka wakakamata vipodozi feki vya karibu dola 700,000, MAC za bandia zikiwemo, na vilipopimwa vikakutwa na bakteria na kinyesi cha wanyama. Kinyesi! Sijui hii yangu ina nini ndani na nimeihifadhi ipimwe. Natamani wamkamate, wampake hiyo hiyo mbele ya watu tuone kama atakubali kukaa nayo masaa nane kazini.

Wengi mmeniuliza sasa tumtambue vipi. Bei iko chini na kila kitu kinatoka kwa "dada anayesafiri". Hela inaenda kwa jina la mwanaume ambalo halifanani na la ukurasa. Mtandao unakuonyesha jina kabla hujathibitisha, likiwa tofauti usibonyeze, hata akuambie ni mume, ni baba, ni nani. Hana mahali pa wewe kwenda kuchukua mwenyewe: ukimwambia "nipo Kariakoo nakuja" anasema ametoka, au stoo iko Mbagala. Komenti kwenye ukurasa wake ni mioyo tu, hakuna anayeuliza swali, maana maswali anafuta. Hakubali ulipe mzigo ukifika. Na hiyo video usiikubali kama ushahidi, mwambie aandike jina lako kwenye karatasi na aifunge mbele yako, akikataa achana naye.

Ya kiwandani inabana kifuniko, ina ile vanila, na kistika cha chini kimenyooka, kina namba za toleo. Yangu namba hazikuwepo. Mengine sikumbuki sasa hivi, kichwa kinauma. Kama unataka ya kila siku na huna hela ya MAC, nenda duka lenye mlango, uchukue penseli ya kahawia ya bei ya kawaida na mafuta ya mgando, ujaribu mgongoni mwa mkono ukiwa nje juani, siyo chini ya taa zao nyeupe. Nimepaka hivyo wiki hii yote midomo ilipoanza kupona, na imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Waliotuma hela kwa huyu dada, na najua mpo maana wawili mmeshaniandikia, msifute ule ujumbe wa muamala hata kama ni wa mwaka jana. Usitupe lipstiki wala bahasha, ifunge kwenye mfuko uiweke. Namba yake itumeni kwenda 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ifungiwe. Mpelelezi amesema malalamiko yakiwa ya mtu mmoja yanachelewa, tukiwa wengi kwenye jalada moja mwenye laini anaitwa haraka. Namba ya RB, ile ya ripoti ya polisi, ninayo, nitafute inboksi nikupe, ukaandikishe maelezo yako pale pale nilipoandikisha mimi. Jumatatu narudi kituoni, anayeweza twende pamoja.